Neno moja kwetu, mawili kwao: kwanini borrow na lend, say na tell na wenzao wanatuchanganya

Chukua vitu vitatu. Mlima Everest una mita 8,849, jengo la Burj Khalifa kule Dubai lina mita 828, mto Nile una kama kilomita 6,650. Kwa Kiswahili vyote ni virefu, mlima mrefu, jengo refu, mto mrefu, maisha yanaendelea. Ukihamia Kiingereza hapo ndo shughuli inaanza maana Everest ni "high", Burj Khalifa ni "tall" na Nile ni "long", na ukivibadilishia majina mtu anakushangaa. "Tall" inaenda na kitu kilichosimama wima na chembamba kiasi, mtu, mti, mnara, ghorofa. "High" inapima umbali wa kwenda juu kutoka chini, ndo maana mlima ni "high", ukuta ni "high", hata ndege akiwa angani anaruka "high" ingawa mwenyewe ni mdogo tu. "Long" ni ya kitu kilichojinyoosha, kamba, barabara, mto, na pia muda. Na tahadhari ndogo, ukisema rafiki yako ni "high" ukimaanisha mrefu, watu wataelewa amevuta kitu.

Hiyo -refu inaonyesha kitu ambacho orodha nyingi za "maneno ya Kiingereza yanayochanganya" hazikisemi. Orodha hizo nyingi zimeandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza, kwahiyo zimejaa affect na effect, its na it's, lose na loose, yaani maneno yanayofanana kwa sauti au herufi. Sawa, hata sisi tunayakosea, ntayagusa baadhi huko mbele. Ila makosa yetu mengi hayatoki huko, yanatoka nyumbani, kwenye Kiswahili chenyewe: pale ambapo sisi tuna neno moja na wao wana mawili au matatu, sisi tunachukua lolote lililo karibu tukitegemea litafanya kazi. Mwingereza hawezi kukufundisha hilo kwa sababu yeye wala halioni.

Mfano maarufu kuliko yote ni borrow na lend. Kwetu "kuazima" inaenda pande zote mbili, nimeazima kitabu kwako, halafu niazime kitabu chako, kitenzi kilekile, anayetoa na anayepokea mnajulikana kutokana na jinsi sentensi ilivyokaa. Kiingereza hakikubali, kinataka ujue kitu kinaelekea wapi. Kikija kwako ni "borrow", kikitoka kwako ni "lend". Ndo maana "borrow me your pen" inasikika kila mahali, mtu ametafsiri "niazime" moja kwa moja. Sahihi ni "lend me your pen", au "can I borrow your pen". Njia rahisi ni kuachana na kuazima kichwani na kufikiria kukopa na kukopesha, maana hapo Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha: kopa ni borrow, kopesha ni lend, na haina haja hata ya kukariri.

Na hapo kwenye kopa na kopesha ndo kuna siri kubwa kidogo. Kiswahili kina ile mikia ya vitenzi, unaweka -sha au -za mwishoni na kitenzi kinageuka kuwa cha kumfanya mwingine atende. Kumbuka, kumbusha. Ona, onyesha. Lala, laza. Anguka, angusha. Kwetu ni mzizi mmoja umevaa nguo tofauti, Kiingereza mara nyingi kinachukua neno jingine kabisa ambalo huwezi kulibahatisha: remember na remind, see na show, eat na feed. Kwahiyo mtu anaposema "remember me to call her" akimaanisha nikumbushe nimpigie, kosa linaeleweka kabisa limetoka wapi, ameukamata mzizi akasahau kwamba Kiingereza hakina mkia wa kuuongezea. Ni "remind me to call her". Ile "remember me to her" ipo lakini maana yake ni nisalimie huyo, tena ni ya kizamani.

Kinachonifurahisha ni kwamba Kiingereza kilikuwa na kitu kinachofanana na huo mkia hapo zamani. Lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani na ndugu zao ilikuwa na kiambishi cha kusababisha, na mabaki yake bado yapo: sit na set, fall na fell ya kuangusha mti, na wale wawili wanaowatesa hata Waingereza wenyewe, lie na lay. Lie ni lala, lay ni laza, kwisha habari. Rise ni inuka, raise ni inua, ingawa hiyo raise waliipata kwa Waskandinavia walioenda kukaa Uingereza. Ukiwa Mswahili una faida hapa, Mmarekani anasema "I'm going to lay down" na hajui kosa liko wapi, wewe ukijiuliza tu "nalala au nalaza?" unapata jibu, ukilala ni lie, ukilaza kitu lazima kiwepo hicho kitu, lay the baby down, lay the book on the table. Balaa liko kwenye wakati uliopita kwa sababu lie ikienda jana inakuwa "lay", ile ile lay nyingine, na lay ikienda jana inakuwa "laid". Halafu kuna lie ya kudanganya ambayo ni lied. Hapo hata mimi sina ujanja wa kukupa, hizo ni za kukariri.

Kufundisha na kujifunza nazo zimo humo humo. "He learned me English" leo ni kosa, ni "taught me", lakini enzi za Shakespeare learn ilitumika pia kwa maana ya kufundisha na hakuna aliyeshangaa. Yaani Kiingereza kilikuwa kama sisi na kuazima kwetu, kikaamua kutenganisha baadaye.

Sasa twende kwenye say na tell. Watu wanafundishwa hizi mbili kwa kanuni ndefu wakati Kiswahili kimeshakupa jibu bure. Sema na ambia. Huwezi kuambia bila kumwambia mtu, lazima kuwe na ni-, ku-, m-, wa- mle katikati: aliniambia, nitakuambia. Tell nayo iko hivyohivyo, inadai mtu mara moja: "he told me", "I will tell you". Say ni sema, haina haja ya mtu, na ukitaka kumtaja unaweka to, "he said to me". Kwahiyo "he said me" ni sawa na kumsikia mtu anasema "alisema mimi", na "he told that he is sick" ni kama "aliambia kwamba anaumwa", unabaki unauliza alimwambia nani? Ukishindwa kuchagua, iseme kwanza kwa Kiswahili, ukisikia ambia weka tell. Inakataa kwenye misemo michache tu ambayo tell inakaa peke yake, tell the truth, tell a lie, tell a story, tell the time, na "I can't tell the difference" ambayo maana yake ni siwezi kutofautisha.

Speak na talk hazina ugomvi mkubwa kiasi hicho. Lugha unai-speak, huwezi kui-talk. Talk ni ya maongezi, mnazungumza huku na huku, speak ina uzito zaidi na inaweza kuwa ya mtu mmoja mbele ya wengi. Bosi akikwambia "we need to talk" una wasiwasi, akikwambia "I need to speak to you" una wasiwasi zaidi.

Iba na ibia pia ni kesi ya mikia. "Ameniibia simu", mwizi, mimi na simu wote tumeingia kwenye kitenzi kimoja kwa raha zetu. Kiingereza kinakulazimisha uchague unamtaja nani, ukitaja kitu kilichochukuliwa ni steal, "he stole my phone", ukitaja aliyeibiwa au mahali palipoibiwa ni rob, "he robbed me", "they robbed a bank". Mtu akisema "I was stolen" akitafsiri nimeibiwa, anachosikia mwenzake ni kwamba yeye mwenyewe alibebwa akafichwa mahali. Shinda ni ileile, unashinda mechi na unamshinda mpinzani, kitenzi kimoja, ila kwao win inachukua mechi, kombe, zawadi, kesi, na beat au defeat inachukua mtu au timu. "We won them" hapana. "We beat them", na beat haibadiliki ikienda jana, inabaki beat.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kama kosa la maneno lakini ndilo linalonisumbua zaidi nikisoma maandishi ya watu wetu, nalo ni vaa. Wao wana put on na wear. Put on ni kitendo, dakika ile unaingiza mkono kwenye shati, wear ni hali, shati liko mwilini tayari. Sisi tofauti hiyo tunayo kabisa ila hatuiweki kwenye neno, tunaiweka kwenye wakati: anavaa shati, amevaa shati. Sasa mtu anatafsiri "amevaa shati jekundu" akitumia ile -me- aliyofundishwa shuleni kwamba ni "has", anapata "he has worn a red shirt". Ni "he is wearing". Na ukishaliona hili kwenye kuvaa utaliona kila sehemu, amelala sio "he has slept" ni "he is asleep", amekaa sio "she has sat" ni "she is sitting", nimechoka ni "I am tired", nimeelewa ni "I understand". Hiyo -me- yetu ina kazi mbili, kuna ya jambo lililokwisha na kuna ya hali iliyobaki baada ya jambo kutokea, na Kiingereza hizo mbili kinaziweka kwenye vyumba tofauti kabisa. Nadhani tukifundishwa hili moja tu mapema tungeokoa wino mwekundu mwingi.

Since na for zinaingia hapa pia. "Nipo hapa tangu miaka miwili iliyopita" ni Kiswahili safi, kwahiyo watu wanaandika "since two years" bila wasiwasi. Since inataka mahali pa kuanzia kwenye kalenda, since 2019, since Monday, since I was a child. For inataka kipimo cha muda, for two years, for a long time. Yaani ukiweza kuuliza "lini?" ni since, ukiuliza "muda gani?" ni for.

Tuje kwenye wingi. Sisi tuna -ingi, watu wengi, maji mengi, upendo mwingi, yeye hajali kama kitu kinahesabika au la, anabadilisha kiambishi tu. Kiingereza kimepasua hapo katikati, many kwa vinavyohesabika na much kwa visivyohesabika. Tarehe 20 Agosti 1940, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, waziri mkuu wa Uingereza Churchill aliwasifia marubani wa nchi yake bungeni kwa sentensi ambayo ina karibu somo zima: "Never in the field of human conflict was so much owed by so many to so few." Deni halihesabiki kwa vidole, ni much. Waliookolewa ni watu, many. Marubani ni wachache, few. Jaribu kuitafsiri uone Kiswahili kinavyotoa "-ingi" mara mbili.

Na kuna mtego mdogo kwenye hiyo few. "Few" na "a few" si sawa hata kidogo, ingawa tofauti ni kaherufi kamoja. "I have few friends" ni malalamiko, sina marafiki wa maana. "I have a few friends" ni habari njema, ninao kadhaa. Little na a little hivyohivyo kwa visivyohesabika. Kwetu hiyo tofauti tunaitoa kwa sauti, wachache tu, au wachache wapo.

Kuhusu fewer na less, yaani "fewer people" na "less water", utakutana na watu wakali mtandaoni wanaokosoa kila anayesema "less people". Kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi wafuate. Ila mjue kwamba hiyo sheria si ya asili sana, mfalme Alfred wa Wessex, kusini mwa Uingereza, huko karne ya 9 aliandika less kwa maneno ambayo yanahesabika kabisa, na sheria yenyewe inafuatiliwa hadi kwa mwandishi mmoja, Robert Baker, ambaye mwaka 1770 alisema kwamba yeye binafsi anaona fewer inapendeza zaidi. Maoni yake yakageuka sheria.

Makosa ya kuhesabu yanayotutia aibu zaidi ni haya: equipments, furnitures, luggages, informations. Yote hayana s, na sababu ya kuyakosea iko wazi, vifaa ni wingi, mizigo ni wingi, na taarifa nazo tunazihesabu moja, mbili, tatu. Kiingereza kinaviona kama maji, rundo moja. Ukitaka kuhesabu unaongeza "piece of". Advice nayo iko humo, na hapo ushauri wetu unatusaidia kwa sababu hauna wingi, hakuna mtu anasema shauri mia akimaanisha ushauri mwingi. Work haihesabiki, job inahesabika, "I found a job", sio "a work".

Advice imenikumbusha zile za herufi, nizipitie haraka. Advice ni nomino, advise ni kitenzi, na unazisikia tofauti, s na z. Waingereza wamefuata mtindo huohuo kwa practice na practise, licence na license, c kwa nomino na s kwa kitenzi, hata kama masikioni ni sawa tu. Wamarekani wamerahisisha, practice kwa zote, license kwa zote, kwahiyo angalia unamwandikia nani. Affect kwa kawaida ni kitenzi, effect kwa kawaida ni nomino. Lose ni poteza au shindwa, loose ni kitu kilicholegea. Economic ni ya uchumi, economical ni ya kubana matumizi, kwahiyo gari linaweza kuwa economical na mgogoro ukawa economic. Historic ni siku kubwa itakayokumbukwa, historical ni chochote cha zamani hata kama ni risiti. Sensible ni mwenye busara, sensitive ni mwepesi kuumia. Disinterested kwa wanaojali maana yake ni asiye na upande, kama hakimu, na uninterested ni asiyevutiwa, kama hakimu anayesinzia, ingawa karne ya 17 yalikuwa yanatumika kinyume chake kabisa, kwahiyo ukiyachanganya angalau una ukoo mzuri.

Kuna kundi lingine ambalo shida yake si kosa ila ni ladha. Ask, question, interrogate. Kingly, royal, regal. Begin na commence, buy na purchase, help na assist. Hii kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoiteka Uingereza na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama kwa karne kadhaa, mpaka 1362 ndo ikapitishwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Maneno ya zamani ya wenyeji yakabaki mitaani na nyumbani, ya Kifaransa yakakaa ofisini, ya Kilatini yakaja na wasomi. Ndo maana maneno mafupi ya kienyeji yanasikika ya kirafiki na marefu ya kigeni yanasikika yamevaa suti. Ukimwandikia rafiki "I shall commence my journey" anahisi umemkasirikia. Nikuambie ukweli, sisi tuliosomea Kiingereza darasani tunapenda sana hayo ya suti, tukidhani ndo Kiingereza kizuri, na kwa maoni yangu "help" inashinda "assist" mara tisa kati ya kumi.

Make na do ndo sina kanuni ya kukupa ambayo haivuji. Zote ni fanya. Wanasema make inaacha kitu kipya nyuma na do ni shughuli yenyewe, na inafanya kazi kwa muda, make a chair, do homework, halafu unakutana na make the bed ambapo kitanda kilikuwepo tangu jana. Make a mistake, make a decision, make a phone call, ila do a favour, do business, do damage. Zikariri pamoja na nomino zake kama pacha. Kabla hujalalamika, kumbuka kuna mgeni mahali anajifunza Kiswahili na anauliza kwanini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hakuna aliyempa jibu.

Maana mambo haya yanaenda pande zote. Kuna sehemu sisi ndo tuna mawili na wao wana moja, na wao wanahangaika. Ask yao ni uliza na ni omba, wanatenganisha kwa ka-for tu: "ask him" ni muulize au mwombe, "ask for money" ni kuomba pesa, na ukisahau hiyo for umeharibu. Rent yao ni ya mpangaji na ya mwenye nyumba wote, ukisoma "I rent a flat" peke yake hujui huyu analipa au analipwa, wakati kodi na kodisha hazina utata. Na you ndo kituko, mtu mmoja you, watu mia you. Walikuwa na thou ya mtu mmoja, ikafifia kwenye mazungumzo ya kawaida kufikia karne ya 17, you ikachukua nafasi zote mbili, na tangu hapo wanaziba pengo kwa viraka, Wamarekani wa kusini wana "y'all", wengine "you guys", Waairishi wana "ye" na "yous", na hakuna kiraka hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukiweka kwenye barua rasmi. Nyinyi yetu inaingia popote.